Antena Iliyolazwa Bawani

Mara ya kwanza Otilia Sichalwe alipoligeuza kundi la nzige, hakujua kwamba ni yeye aliyeligeuza.

Alikuwa juu ya mbuga za kusini mwa Ziwa Rukwa, peke yake ndani ya Kanga, ndege ya Ushirika wa Kalumbi yenye kiti kimoja, injini ya umeme na mbawa zilizopakwa rangi inayokunywa jua. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta nzige kabla hawajaufikia mpunga, kisha kutangaza kwa redio wako wapi na wanakwenda wapi. Asubuhi ile aliwakuta upesi. Wingu la rangi ya kutu, pana kuliko kijiji chake, lilikuwa linapanda polepole kuelekea kaskazini. Akabonyeza kitufe cha redio.

"Kalumbi, hapa Kanga. Nimewaona. Wako magharibi ya kinamasi, wanapanda juu taratibu..."

Alikuwa bado anaongea pale ukingo wa wingu uliokuwa karibu naye ulipokunjika. Ulijivuta kwenda mashariki kama shuka linalovutwa na mtu aliyelala upande wa pili wa kitanda. Otilia akaachia kitufe. Wingu likasita, likajikunjua, likaendelea na safari yake.

Akabonyeza tena. "Kalumbi, mnanisikia?"

Likakunjika tena.

"Tunakusikia kama mtu aliye kisimani, shemeji," ilijibu sauti ya Nestori, fundi wa ndege hiyo na mume wa dada yake. "Hiyo antena yetu inanong'ona tu. Rudi nyumbani, betri yako inashuka."

"Shemeji, nisikilize. Nikiongea, wanakimbia."

Kisha Nestori akasema, "Hata mimi dada yako akiongea hukimbia. Rudi."

Otilia akacheka, lakini hakurudi. Alizunguka upande wa pili wa kundi, akashusha pumzi, akabonyeza kitufe bila kusema neno. Nzige waliokuwa upande ule wakaelekea magharibi, wote kwa pamoja, kana kwamba wamepigiwa filimbi.

* * *

Antena yenyewe ilikuwa bado mpya. Ile ya kiwandani, fimbo iliyosimama wima mgongoni mwa ndege, ilivunjwa na korongo aliyegongana na Kanga wakati wa kutua, na kuagiza nyingine kungechukua msimu mzima. Nestori alisema hawana haja ya kusubiri. Alichukua utepe mwembamba wa shaba uliobaki walipofunga umeme wa jua ofisini, na kipande cha waya wa antena ya televisheni, ule mnene wenye wavu chini ya gamba lake.

"Antena ni waya wa urefu sahihi, basi," alimwambia Otilia siku walipoitengeneza, akiwa amepiga magoti chini ya bawa, penseli nyuma ya sikio. "Redio yetu inaongea katika megahezi mia moja ishirini na sita. Wimbi moja hapo lina mita mbili na karibu sentimita arobaini. Sisi tunataka robo yake kila upande. Piga hesabu, punguza kidogo maana umeme ndani ya shaba unachelewa kuliko hewani, unabaki na sentimita hamsini na saba. Mkono mmoja unashika waya wa katikati, mwingine unashika wavu. Imekwisha."

"Na tutaisimamisha wapi?"

Hapo ndipo palikuwa na tatizo. Mkia wa Kanga ulikuwa wa kaboni, na kaboni huzuia mawimbi kama bati linavyozuia mvua. Mbawa peke yake ndizo zilikuwa za mbao na kitambaa. Kwa hiyo waliibandika mikono yote miwili ya shaba ndani ya bawa la kushoto, ikiwa imelala, wakaiunganisha kwa risasi iliyoyeyushwa na kuifunika kwa gundi. Nestori hakufurahi. Mnara wa Kalumbi ulikuwa na antena iliyosimama, na antena iliyosimama haisikilizani vizuri na iliyolala. Ndiyo maana sauti ya Otilia ilifika kama ya mtu aliye kisimani.

Jioni baada ya ugunduzi wake, Otilia aliingia kwenye banda la ndege akiwa amebeba kasha la chandarua lenye nzige hai, kama arobaini hivi, aliowakamata mbugani. Aliliweka juu ya meza ya kazi.

"Hebu nionyeshe hicho kichaa chako," alisema Nestori.

Walikata mikono mingine miwili ya shaba, wakaibandika kwenye ubao, wakaiunganisha na redio ya akiba. Nestori aliusimamisha ubao wima kando ya kasha, akabonyeza kitufe. Nzige wakaendelea kutafuna majani. Akaachia, akabonyeza tena. Hakuna kitu.

"Ilaze," Otilia alisema.

Akaulaza ubao. Akabonyeza. Ndani ya kasha mlisikika mchakacho mfupi, na nzige wote wakageuza migongo kuielekea antena. Vichwa arobaini vilitazama ukuta. Nestori akaachia kitufe, wakatawanyika. Akauhamishia ubao upande wa pili, akabonyeza, wakageuka tena. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, huku besi yake ya kwaya ikivuma kooni bila yeye kujua.

"Wale ni Nzige Wapole," hatimaye alisema.

"Si walikufa wote?"

"Ndivyo tulivyoambiwa tulipopewa fulana."

Otilia aliikumbuka ile fulana. Alikuwa bado shule ya msingi mradi ule wa Nzige Wapole ulipokuja bondeni. Wataalamu waliwaachia mbugani nzige waliobadilishwa mbegu, wakapandikizwa hisia ya dira kama ya ndege wahamao, ili minara miwili iwaongoze kwa mawimbi hadi kwenye shamba la mtego. Halafu mradi ukaisha, minara ikang'olewa, na watu wakasahau. Nzige hawakusahau. Walizaana na wenzao, na sasa, bila minara, lile jambo waliloumbiwa lilikuwa linamsubiri tu mtu wa kuliamsha.

"Kwa hiyo tunaweza kuwapeleka tunakotaka," Nestori alisema, macho yanang'aa. "Shemeji, unajua maana yake? Hakuna tena kupiga madebe. Hakuna kuchoma matairi. Unapanda juu, unabonyeza, wanaondoka!"

Otilia alikuwa anacheka naye. Kisha akatazama ramani iliyobandikwa ukutani, mahali penye kinamasi cha matete, na ng'ambo yake, upande wa mashariki, jina dogo lililoandikwa kwa herufi za kuinama: Ntumbili.

"Wanaondoka kwenda wapi?" aliuliza.

* * *

Mwenyekiti wa ushirika, Adelhelmu Kapele, alikuja asubuhi iliyofuata baada ya kusikia. Alikuwa mtu mnene wa kusema polepole, na hakuwa mtu mbaya. Alikaa juu ya debe la rangi, akatazama nzige wakigeuka ndani ya kasha, akaomba aonyeshwe tena.

"Mpunga wetu umebakiza kitambo gani?" Otilia alimuuliza.

"Wiki mbili. Ukikatwa leo ni maganda matupu." Akafuta uso kwa kiganja. "Watakuwa hapa lini?"

"Leo jioni, upepo ukiwa hivi. Wameamka tayari."

"Basi wageuze. Wasukume mashariki."

"Mashariki kuna watu, mwenyekiti. Ntumbili wana mtama shambani, na wana malisho."

"Najua kuna watu. Mwaka juzi tulikula pumba, Otilia. Wewe ulikuwa masomoni. Mke wangu alikuwa akizichekecha mara tatu ili watoto wasione ni nini. Nani wa Ntumbili alikuja kutuuliza tunakula nini?"

"Hawakuwatuma wale nzige."

"Wala wewe huwatumi hawa. Upepo ndio unaowatuma. Wewe unausaidia tu kubadili mawazo." Aliinuka kutoka kwenye debe. "Na usiwaambie. Wakijua, watakataa, na ukishakataliwa utafanyaje? Hivi vipimo navyo visitoke nje ya banda hili. Mmenisikia wote wawili."

Nestori alitazama chini. Otilia alichukua kofia yake ya kuendeshea, wakaivuta Kanga kutoka bandani. Alipokuwa anajifunga mkanda, Nestori aliinama kana kwamba anakagua bawa.

"Pale Ntumbili kuna redio," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye josho la ng'ombe. Wana masafa yetu haya haya, tangu zile ndege za kuhesabu mifugo. Nakuambia tu kama taarifa ya kiufundi."

* * *

Aliwakuta nzige wamekwishafika pembeni ya kinamasi. Kundi lilikuwa limekua tangu jana. Kivuli chake kilipita juu ya maji kama kitu kizito kinachoburuzwa, na upande wa kaskazini-magharibi, mbele kabisa, Otilia aliweza kuona mstari wa kijani uliokuwa mpunga wa Kalumbi.

Antena yake haikuweza kufika Ntumbili kutoka mbali. Ili asikike, ilibidi awe hapa hapa, kando ya kundi. Na kila atakachokisema kingewasukuma nzige kuelekea kwa yule anayemwambia. Alilitafakari hilo mara moja tu, kwa sababu hapakuwa na muda wa mara ya pili. Akabonyeza.

"Ntumbili, Ntumbili, hapa Kanga ya Kalumbi. Kuna mtu?"

Ukingo wa wingu ukakunjika kuelekea mashariki. Akaachia.

"Kanga, hapa josho la Ntumbili." Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu na ya haraka. "Mimi ni Minza Lugembe, katibu wa kijiji. Nakusikia kwa shida. Mna dharura?"

"Nzige. Wanakwenda Kalumbi. Naweza kuwageuza. Wakigeuka, watakuja kwenu."

"Unawageuzaje?"

"Kwa redio hii. Nikiongea wanakimbia. Hata sasa wanasogea kwenu. Kwa hiyo nitasema machache. Ongea wewe."

Redio ilikoroma. Otilia alidhani amempoteza. Kisha Minza akauliza, "Unaniuliza au unaniarifu?"

"Nakuuliza, dada."

"Subiri hapo."

Hakuzima redio alipoondoka. Otilia alisikia kengele za ng'ombe, mlango wa bati, halafu sauti za watu zikipishana kwa Kisukuma, lugha ambayo hakuijua. Hakuhitaji kuijua. Alimsikia mwanamke mmoja akipaza sauti, mwanamume akimkatiza, mtoto akilia kwa sababu wakubwa wanapiga kelele. Chini yake, nzige walikuwa wamerudia njia ya kaskazini, wakiwa na haraka ya wale wanaojua wamecheleweshwa.

"Kanga." Minza alikuwa anahema. "Wamesema hapana. Mtama uko shambani wote, na ng'ombe hawana pa kwenda kiangazi hiki. Watu hapa wamesema, na mimi pia nimesema. Pole sana, dada yangu. Hapana."

Sauti nyingine ikaingia, nzito na yenye nguvu kuliko zote, kutoka mnara wa Kalumbi.

"Otilia, tumesikia yote," alisema mwenyekiti. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Umeuliza, umejibiwa. Sasa wasukume."

Aliutazama mstari wa kijani mbele yake. Shamba la dada yake na Nestori lilikuwa lile la kwanza kabisa, lenye mfereji uliopinda. Aliligeukia tena kundi, akaona kinamasi chini yake: matete matupu, maji ya kina cha goti, mamba, hakuna shamba la mtu. Nzige wakitua pale wangekula matete. Lakini wasingetua kwa hiari jua likiwa bado juu, na kuwashikilia hadi jioni kulihitaji kuwazunguka pande zote bila kupumzika. Betri isingetosha kufanya hivyo na kurudi nyumbani.

Alilaza bawa la kushoto, lile lenye shaba, akaingia ukingoni mwa wingu na kubonyeza kitufe. Safari hii hakukiachia.

Kwa kuwa kitufe kilikuwa wazi, na vijiji viwili vilikuwa vinasikiliza, aliona ni upuuzi kukaa kimya. Akaanza kusema anachokiona. "Niko kaskazini yao. Wanarudi nyuma. Sasa nakata kona kwenda mashariki. Ntumbili, mnaweza kuniona? Wanageukia ndani. Wale wa chini wamegusa matete, wameruka tena. Niko kusini sasa." Alizunguka na kuzunguka. Nzige walioachwa nyuma walitapakaa kwenye kioo kama mvua ya kokoto, na pangaboi likaanza kunuka kama nywele zinazoungua. Aliwaeleza hilo pia. Aliwaeleza kwamba koo limekauka, kwamba kundi kwa juu ni zuri sana, jambo ambalo hakulitarajia, linameta shaba na waridi kila linapogeuka. Mwenyekiti alijaribu kuingilia, lakini kitufe kikiwa kimebonyezwa hasikiki mtu mwingine. Otilia alilijua hilo.

Jua lilipoanza kuingia nyuma ya milima ya Ufipa, wingu lilianza kuzama lenyewe. Nzige wakatua juu ya matete tabaka juu ya tabaka hadi mashina yakalala. Aliachia kitufe. Kidole hakikunyooka.

"Wametua," ilisema sauti ya Minza, kana kwamba yuko kanisani.

Taa nyekundu ya betri ilikuwa inawaka. Kalumbi ilikuwa mbali, na upepo wa jioni sasa ulitoka huko. Otilia aligeuza pua ya ndege kuelekea mashariki.

* * *

Walimsubiri kwenye uwanja wa mifugo mbele ya josho, watu wengi. Hakuna aliyempigia makofi. Alipofungua kioo na kushuka, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi alimshika kiwiko.

"Mimi ndiye Minza," alisema. "Karibu. Kuna uji."

Walikaa kwenye benchi la josho. Mzee mmoja mwenye fimbo alisimama mbele ya Otilia, akamtazama kwa muda mrefu, akasema kitu, akaenda zake.

"Amesemaje?"

"Amesema una uso wa mtu wa kawaida." Minza alimwongezea uji. "Kwa nini uliuliza? Ungeweza kufanya tu. Tungesema ni upepo."

Otilia alizungusha kikombe mikononi. "Nilipokuwa nakuita, nilikuwa naomba usijibu. Usingejibu, ningewasukuma."

Minza alilipokea jibu hilo bila kubadilika uso. "Na kesho?"

"Wakipata jua wataruka. Mimi peke yangu siwezi kuwashikilia tena, betri haitajaa. Ingekuwepo antena nyingine hapa chini, upande wenu, ikawa inanisaidia..." Akasita. Ndani ya kichwa chake alisikia neno la mwenyekiti kuhusu banda. "Lakini ya kwenu itaweza kusukuma upande mmoja tu, magharibi. Nikiwafundisha, mnaweza kuwapeleka wote Kalumbi, na sitaweza kuwazuia."

"Tunaweza," Minza alikubali. "Kama nyinyi leo."

Kulipopambazuka, Otilia aliomba waya wa antena ya televisheni. Minza aling'oa wa nyumbani kwake mwenyewe, wanawe wakilalamika. Shaba waliipata kwenye koili ya pampu iliyoungua, wakaikunjua na kuinyoosha kwa kuivuta kati ya nguzo mbili. Otilia alipima mkono wa kwanza kwa rula ya shule. Wa pili alimwachia Minza apime, ili ajue.

"Hamsini na saba," Minza alisema.

"Hamsini na saba. Na ilale. Ukiisimamisha haitafanya kitu."

Waliifunga kwenye mwanzi na kuupandisha juu ya paa la josho, mlalo, ukitazama kinamasi.

* * *

Nzige huchelewa kuamka; damu yao husubiri joto. Jua lilipokwishapanda vya kutosha ndipo matete yalipoanza kutoa moshi, na moshi ule ukawa wingu. Otilia alikuwa tayari juu, na mbawa zilikuwa zimejaza betri nusu.

Aliwashika upande wa kaskazini na kusini, akikimbia huku na huku. Upande wa mashariki aliuacha kwa Minza. Kundi lilipofurika kuelekea Ntumbili, alisikia mngurumo wa redio ya josho ikifunguliwa, na papo hapo ukingo ule ukarudi nyuma, mzuri, mnyoofu, kama ulivyopaswa kurudi. Otilia akapiga yowe la furaha peke yake ndani ya kioo.

Lakini ukingo haukusimama katikati. Uliendelea kurudi. Upande wa magharibi kundi lilianza kuvimba, likatoka nje ya matete, likashika njia ya Kalumbi. Minza alikuwa bado amebonyeza. Nyuma ya mngurumo Otilia aliwasikia watu waliojaa josho, na mwanamume mmoja akipiga kelele kwa Kiswahili, labda ili yeye naye asikie: "Usiachie! Bonyeza! Waende kwao!"

Otilia hakuweza kusema kitu. Kitufe cha Minza kilikuwa kimeziba njia, na hata kingekuwa wazi, angemwambia nini? Aliigeuza Kanga kuelekea magharibi akijua amechelewa, akauona ule mfereji uliopinda.

Mngurumo ukakatika.

"Otilia," Minza alisema, akihema. Nyuma yake zogo lilikuwa kubwa. "Hawataki niachie. Mimi huku chini sioni upande wa pili. Niambie wewe lini nibonyeze, lini niache."

"Acha sasa! Acha hadi nikwambie."

"Nimeacha."

Hata hivyo uvimbe wa magharibi ulikuwa umekwishatoka, na Otilia alikuwa mbali nao mno. Ndipo walipoanza kusita. Kutoka ukingoni mwa kinamasi, upande wa Kalumbi, kitu kiliwagusa, dhaifu, kisha kwa nguvu zaidi, na nzige wakageuza vichwa kurudi kwenye matete.

"Kanga, hapa kuna mtu na ubao wake," ilisema besi ya Nestori. "Niko juu ya mti nimeushika kwa mikono, kwa hiyo mniambie upesi nisije nikaanguka. Habari za asubuhi, Ntumbili."

Waliwashikilia siku ile, na zilizofuata, hadi ndege za dawa za kanda zilipokuja. Haikuwa kazi safi. Jioni moja upepo mkali uliwakatia mkia wa kundi, ukautupa juu ya mtama wa Ntumbili kabla ya Minza kuwahi redio, na kaya sita hazikuvuna kitu. Siku ya mwisho sehemu nyingine ilipita juu ya kichwa cha Nestori na kulimaliza shamba lake lote, hadi kwenye mfereji. Dada yake Otilia hakumsemesha mumewe siku mbili, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na antena, naye wakati ule alikuwa ameteremka mtini kwenda kujisaidia.

* * *

Kazi ilipokwisha na Otilia kutua Kalumbi, mwenyekiti alikuwa bandani peke yake. Kasha la chandarua lilikuwa tupu mezani.

"Umewapa vipimo?"

"Nimewapa."

"Vyote?"

"Vyote. Pia nimewaonyesha jinsi ya kuilaza."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Alionekana mchovu, kama mtu ambaye amekaa redioni siku nyingi bila kuruhusiwa kusema. "Kwa hiyo yule mwanamke anaweza kutumwagia nzige siku yoyote anayotaka."

"Anaweza, mwenyekiti. Na sisi tunaweza."

"Sitakuwa na usingizi."

"Hata yeye aliniambia hana."

Adelhelmu Kapele alisimama mbele ya redio ya mnara. Katika miaka yote ya uenyekiti wake alikuwa akiitumia kuita ndege yake tu, na hata hapo kitufe alibonyezewa na wengine. Alichukua kipaza sauti, akakigeuza huku na huku.

"Unabonyeza kabla ya kusema, au wakati wa kusema?"

"Kabla kidogo. Halafu ukimaliza unaachia, naye aongee."

Alijikohoza. Alikaza mgongo kana kwamba anaonekana.

"Ntumbili," alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Hapa Kalumbi. Mimi ni mwenyekiti." Akasahau kuachia kitufe. Otilia alimgusa kidole, akaachia.

"Kalumbi, hapa josho. Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba." Alimtazama Otilia kama mtu anayetafuta neno linalofuata, akalipata mwenyewe. "Zile kaya sita... ni za watu wangapi?"

Otilia alitoka nje kuikagua Kanga, akawaacha wakiongea.